Nyimbo Milioni Moja, Jumanne Mchana

Tarehe 2 Desemba 2003 ilikuwa Jumanne. Saa sita mchana kwa saa za California, tovuti ya MP3.com ilizimwa. Zilizozimwa nayo ni nyimbo zaidi ya milioni moja, karibu zote za wasanii wasio na lebo: bendi za gereji, marapa wa chumbani, watu waliorekodi gitaa jikoni usiku watoto wakiwa wamelala. Hao wasanii hawakuwa wameshtakiwa na mtu. Hawakuwa wameiba mdundo wala sampuli. Nyimbo zilikuwa zao, hakimiliki ilikuwa yao kwa maandishi, na bado zilifutwa.

Hii stori haisimuliwi sana. Ukisoma historia ya muziki wa intaneti utapewa Napster: kijana wa chuo Shawn Fanning, Metallica wamekasirika, mahakama, mwisho Julai 2001. Ni stori tamu, ina mwizi na mwenye mali. Ila ya Napster ilikuwa vita ya lebo kubwa na wasikilizaji. Msanii mdogo alikuwa kando akitazama. Ya MP3.com ndiyo inamhusu yeye, na kama unatengeneza ngoma Kayole ama Kisauni na unazipakia mahali fulani leo, inakuhusu wewe pia.

Michael Robertson, aliyeianzisha, hakuwa mtu wa muziki. Alikuwa mfanyabiashara wa San Diego aliyegundua kwamba watu wengi mtandaoni wanatafuta neno "mp3", akainunua anwani yenye neno hilo. Hiyo ilikuwa 1997. Mfumo wenyewe ulikuwa mzuri kwa kweli. Msanii alifungua ukurasa bure, akapakia nyimbo, akabaki na haki zake zote. Mkataba haukumfunga, angeweza kuondoka siku yoyote na kupeleka muziki wake kwingine. Kama shabiki alitaka CD, kampuni ilimchomea moja kwa oda na mauzo yakagawanywa nusu kwa nusu. Baadaye wakaongeza mpango wa kulipa wasanii kulingana na idadi ya watu waliosikiliza. Fikiria: hii ni kabla ya YouTube, kabla ya Spotify, na mtu alikuwa tayari analipwa kwa kusikilizwa.

Pesa ilipoanza kuwa ngumu waliongeza sharti, kwamba ukitaka kulipwa sharti nawe uwe unalipa dola 19.99 kwa mwezi. Lipa ndiyo ulipwe. Mkenya yeyote anaitambua hiyo biashara ikiwa bado iko mbali.

Julai 1999 kampuni iliuza hisa zake kwa umma kwa dola 28 kila moja. Ikawa na pesa ya kuchezea, na hapo ndipo shida ilianzia.

Januari 2000 walizindua huduma mpya iliyoitwa My.MP3.com. Wazo lilikuwa hivi: wewe tayari umenunua CD dukani. Unaiingiza kwenye kompyuta yako, programu inaikagua kwa muda mfupi kuhakikisha unayo kweli, halafu unaweza kuisikiliza albamu hiyo popote kupitia mtandao. Enzi zile kupakia albamu nzima kwa laini ya simu ilikuwa kazi ya usiku kucha, kwa hivyo kampuni ilirahisisha. Ilinunua makumi ya maelfu ya CD za lebo kubwa, ikazinakili zote kwenye seva zake yenyewe. Ukithibitisha unayo CD, ulikuwa unasikiliza nakala yao. Haikuomba ruhusa kwa mtu.

Lebo kubwa zilienda kortini ndani ya siku chache. Kampuni ilijitetea kwamba wateja wake tayari walikuwa wamezinunua hizo CD, sasa nani ameibiwa? Jaji Jed Rakoff wa New York hakuona ugumu wowote katika kesi hiyo. Kunakili ni kunakili, alisema kwa ufupi, na aliyenakili ni kampuni wala si mteja. Lebo nne kati ya tano zilikubali kulipwa zikaachana nayo. Universal ilikataa. Septemba 2000 jaji akasema kosa lilifanywa kwa makusudi na akapanga faini ya dola 25,000 kwa kila CD. Kampuni ilisema CD za Universal zilizohusika hazizidi 4,700. Hata kwa hesabu hiyo ya kampuni, ni karibu dola milioni 118. Mwishowe wakasikizana kwa dola milioni 53.4.

Mimi naona Rakoff alikuwa sawa kisheria. Huwezi kunakili maktaba nzima ya mtu ukijenga biashara juu yake halafu useme ulikuwa unasaidia. Lakini angalia nani alikuwa amekaa kwa hiyo nyumba wakati moto unawaka. Wasanii huru hawakuwa na uhusiano wowote na My.MP3.com. Walikuwa wapangaji wa mlango wa pili. Landilodi alibishana na matajiri, akashindwa, na nyumba ikauzwa wapangaji wakiwa ndani.

Mnunuzi alikuwa nani? Vivendi Universal, yaani wenye ile lebo iliyokataa kusikizana mapema. Mwaka 2001 waliinunua MP3.com kwa takriban dola milioni 372, dola 5 kwa kila hisa. Miaka miwili baadaye wakachoka nayo, wakaliuza jina kwa kampuni ya CNET. CNET ilitaka anwani. Haikutaka nyimbo. Wasanii wakaandikiwa tangazo kwamba baada ya tarehe fulani ukurasa wako hautakuwepo, chukua vitu vyako.

Robertson, ambaye alishaondoka, alilalamika hadharani. Brewster Kahle wa Internet Archive, ile maktaba ya mtandao ya San Francisco, aliomba mkusanyiko mzima uhifadhiwe huko. Haikufanyika. Nakala ya nyimbo nyingi ilibaki kwenye seva za kampuni dada iliyokuwa ikipiga muziki madukani, na mwaka uliofuata wasanii waliruhusiwa kuzifufua kwenye tovuti nyingine, kwa wale waliosikia habari na waliokuwa bado na nywila. Tovuti hiyo nayo ilikufa baadaye.

Huku kwetu mwaka huo huo wa 2003, Februari, ndipo Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilianza kutumika. Tulikuwa tunaanza kuongea kuhusu kulinda kazi za wasanii wakati wenzetu wa ng'ambo walikuwa tayari wanajifunza kwamba kulindwa kisheria na kuhifadhiwa ni vitu viwili tofauti. Adui wetu alikuwa kanda na CD za kunakiliwa. River Road ungeuziwa albamu ya msanii kabla yeye mwenyewe hajaiona dukani. Kwa hivyo fikra zetu zote kuhusu hakimiliki zilijengwa juu ya picha moja: kuna mwizi, mkamate, choma zile CD mbele ya kamera. Hiyo picha bado inatutawala, na inatufanya tusione hatari nyingine ambayo haina mwizi kabisa.

Ili kuelewa kwa nini nyimbo hupotea siku hizi lazima turudi nyuma hadi Oktoba 1998, Marekani ilipopitisha sheria inayoitwa kwa kifupi DMCA. Ndani yake kuna makubaliano ambayo yamekuwa msingi wa intaneti nzima. Mwenye seva halipi faini kwa ajili ya vitu walivyopakia wateja wake, bora tu akipokea malalamiko kwamba kitu fulani kimeibwa, akiondoe haraka. Aliyeondolewa anaweza kupinga, na kama mlalamishi haendi kortini, kitu kinarudishwa.

Kwenye karatasi ni haki. Sasa jiweke kwenye viatu vya mwenye seva. Una wateja milioni. Barua inakuja. Ukiondoa wimbo, hakuna atakayekushtaki. Ukiuacha, unaweza kushtakiwa. Utafanya nini? Unaondoa kwanza, maswali baadaye. Msanii anaamka asubuhi, anakuta ngoma haipo, na kupinga kunamtaka aandike jina lake kamili, anwani yake, na akubali mamlaka ya korti ya Marekani. Jamaa wa Githurai anasoma hiyo fomu mara mbili kisha anaifunga.

Mwaka 2019 Kenya ilirekebisha Sheria ya Hakimiliki na kuingiza utaratibu unaofanana na huo kwa watoa huduma za intaneti wa hapa. Wapo waliosherehekea na wapo walionuna. Mimi nasema ni kisu, kinakata pande zote mbili. Novemba mwaka huo huo, wimbo wa "Uno" wa Harmonize uliondolewa YouTube baada ya prodyuza wetu Magix Enga kulalamika kwamba umetumia mdundo wa "Dundaing", kazi aliyoifanya na King Kaka. Msanii mkubwa wa Bongo, mamilioni ya watazamaji, na prodyuza wa Nairobi akamshusha kwa kujaza fomu. Bila huo utaratibu angehitaji wakili, korti, miaka. Wanaosema mfumo huu ni wa wazungu wakubwa peke yao wanasahau siku kama hiyo.

Lakini fomu ni hatua moja tu. Tangu 2007 YouTube ina mfumo unaoitwa Content ID, ambao haungoji barua. Mwenye haki anaweka wimbo wake kwenye hifadhi, na kompyuta inalinganisha kila video inayopakiwa na hifadhi hiyo. Ikipata mfanano, mwenye haki anaamua: video ifungwe, au ibaki na pesa za matangazo ziende kwake. Ulizaliwa kwa shinikizo, maana Machi mwaka huo Viacom ilikuwa imeishtaki YouTube ikidai dola bilioni moja. Na si kila mtu anaruhusiwa kuutumia moja kwa moja. Wakubwa wanaruhusiwa, msanii mdogo anaingia kupitia kampuni ya usambazaji.

Hapa ndipo vijana wetu wanaumia, na wanaumizana wao kwa wao. Stori yenyewe imekuwa ya kawaida mtaani. Rapa ananunua biti mtandaoni kwa dola 20 au 30. Hiyo bei ni ya kukodi, si ya kumiliki. Prodyuza anaikodisha biti hiyo hiyo kwa watu mia. Rapa wa kwanza anapeleka wimbo wake kwa msambazaji, na kwenye fomu kuna kiboksi kinachouliza kama anataka Content ID. Anakiweka alama, mbona asiweke, pesa si ni pesa? Kuanzia siku hiyo kompyuta inaamini biti nzima ni yake. Rapa wa pili, aliyelipa dola zile zile na ana risiti, anapakia wimbo wake na anaambiwa ametumia mali ya mtu. Matangazo yake yanamlipa mgeni. Wakati mwingine hata prodyuza mwenyewe, aliyeitengeneza biti kwa mikono yake, anadaiwa kwa kuicheza kwenye chaneli yake.

Nimeandikia wasanii wasifu na matangazo kwa miaka kadhaa sasa, ndiyo kazi niliyoipata baada ya kuacha chuo, na naweza kusema wengi hawajawahi kusoma leseni ya biti waliyolipia. Si kwa ujinga. Imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili na iko kwenye faili ambalo simu inakataa kufungua. Ila sentensi moja humo ndani, ile inayosema huruhusiwi kusajili wimbo kwenye mifumo ya utambuzi, ndiyo inaamua nani atalipwa.

Kuna kisa kingine cha Marekani ambacho kila mtu anayetaka kujenga tovuti yake mwenyewe anapaswa kukijua. Blogu ya hip-hop iitwayo Dajaz1 ilikuwa inaweka nyimbo mpya. Novemba 2010 maafisa wa forodha wa Marekani waliinyakua anwani yake, pamoja na nyingine zaidi ya themanini, kwa madai ya uharamia. Ukifungua ulikuta nembo za serikali. Mwenye blogu alionyesha kwamba nyimbo zilizotajwa alitumiwa na watu wa lebo na wasanii wenyewe, wakitaka azitangaze. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja. Desemba 2011 anwani ikarudishwa, bila mashtaka, bila kesi. Mwaka mzima wa hip-hop umepita, nani anakukumbuka?

Walioinyakua hawakugusa seva. Anwani zote zinazoishia na .com zinasimamiwa na kampuni moja iliyo Marekani, kwa hivyo seva yako inaweza kuwa Nairobi, Amsterdam au Zanzibar, haijalishi. Jina liko chini ya sheria zao. Anwani ya .ke inasimamiwa hapa, na KeNIC. Sisemi serikali yetu ina huruma kuliko yao. Nasema angalau ofisi unaweza kuifikia kwa matatu.

Halafu kuna MySpace, na hapa hakuna hata kesi. Kwa wanaokumbuka, katikati ya miaka ya 2000 msanii bila MySpace hakuwa msanii. News Corp ya Rupert Murdoch iliinunua 2005 kwa dola milioni 580; mwaka 2011 ikauzwa kwa dola milioni 35. Ilipita mkono hadi mkono kama gari kuukuu. Machi 2019 habari zikatoka kwamba wakati wa kuhamisha seva, karibu kila kitu kilichopakiwa kabla ya 2016 kilipotea. Iliripotiwa ni nyimbo zaidi ya milioni 50 za wasanii milioni 14. Miaka kumi na miwili ya muziki, na maelezo yaliyotolewa hayakujaza hata nusu ukurasa.

Kwa hivyo upakie wapi? Swali hili naulizwa, na jibu langu huwa linaanza na vitu vinavyochosha. Faili la wimbo lenye ubora kamili, lile la studio, likae kwako, kwenye diski mbili, moja kwako na nyingine kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba. Nyimbo ngapi za Kenya za miaka ya 2000 mwanzoni zipo leo kwa sababu tu shabiki fulani alizirekodi redioni au alizitoa kwenye CD akazipakia YouTube na picha ya maua? Prodyuza alihama, kompyuta iliuzwa, studio ikawa kinyozi.

Hayo yakiwa tayari, uwanja ni mpana na kila mlango una bei yake. Bandcamp, iliyoanza 2008, inakuruhusu uuze moja kwa moja na kujua mashabiki wako ni nani, lakini mlipaji anahitaji kadi au PayPal, na mama yako wa M-Pesa amebaki nje. Halafu nayo imeuzwa mara mbili ndani ya miaka miwili, kwa Epic Games Machi 2022 na kwa Songtradr 2023, na nusu ya wafanyakazi hawakuendelea na mwenye mpya. Spotify ina heshima, ila tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa mwaka haupati mgao wa rekodi. Mdundo ilizaliwa hapa Nairobi na inawafikia watu wa bando ndogo wanaotaka kupakua, wala haioni haya kuwa sokoni: 2020 iliingia soko la hisa la Copenhagen. Skiza ya Safaricom ndiyo imelisha wasanii wengi wa injili na wa lugha za mama kuliko hizi zote, na baada ya miaka ya malalamiko kuhusu mgao, marekebisho ya sheria ya 2022 yaliweka msanii apate angalau asilimia 52. Ugomvi wa nani anazihesabu hizo asilimia haujaisha.

Mimi ningetumia zote kama matangazo na nisiamini hata moja kama kabati. Ningelipia anwani yangu ya .ke, ambayo haizidi gharama ya viatu vya mtumba vizuri kwa mwaka, niweke ukurasa mmoja wenye nyimbo, tarehe, majina ya waliocheza na namba ya simu ya biashara. Ningesajili kazi KECOBO, kwa sababu siku ya kubishana na kompyuta ya mtu, cheti chenye tarehe kinaongea haraka kuliko hasira. Ningehifadhi risiti za biti pamoja na leseni zake kwenye folda moja na faili za wimbo. Kwenye kile kiboksi cha Content ID ningeuliza prodyuza kwanza.

Mwezi mmoja baada ya habari za MySpace, Internet Archive ilitangaza kwamba kikundi cha watafiti, ambao majina yao hayakutajwa, walikuwa wamenakili sehemu ya muziki huo kati ya 2008 na 2010 kwa ajili ya utafiti wao juu ya mitandao ya muziki. Walikuwa nazo nyimbo 490,000. Zimewekwa pale mtu yeyote azisikilize, na kuna kisanduku cha kutafuta. Andika jina la bendi yako ya zamani. Chini ya moja kwa mia ya zilizopotea iko humo.